Mifupa ya Biskuti

9 Januari

Mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute umekaa, mguu umeuweka juu ya kitu, ingawa nakujua. Sisi huku tunaamka, tunalala, tunaamka tena, hasa mimi, maana mwanao niliyekuzalia ameamua kuwa usiku ni mchana. Nikimlaza analia, nikimbeba ananicheka. Shemeji yako anakoroma katikati ya hayo yote kama ameajiriwa kukoroma. Mama anakusalimia sana. Miguu imemvimba kidogo lakini mdomo wake hauna tatizo lolote.

Niambie, mguu unaendeleaje? Usiniandikie "naendelea vizuri" ya kujaza karatasi. Umerudi kambini plasta imetolewa juzi tu, na mimi nikiinama kwenye cherehani nawaza mfupa wako badala ya kola ninayoshona. Jana nimeshona kola ya shati la shule, ndani nikaiweka nje. Nimefumua yote.

Nakuandikia pia kwa sababu ya yule mtangazaji wa redio. Walikuwa wanasoma majina ya watakaokimbia mchujo wa timu ya taifa mwezi wa nne. Wakafika kwako, akacheka. Akasema, "Huyu binti mbio anazo, tatizo mifupa yake ni ya biskuti. Ukimpulizia tu, tunamfuata hospitali." Mwenzake akabisha, eti ni bahati mbaya, mtu anaweza kuvunjika mara tatu kama anavyoweza kunyeshewa mara tatu, na hakuna anayemwambia wa mvua kwamba ana ngozi mbovu. Wakavutana pale, nikazima.

Kuzima redio hakukunyamazisha nyumba. Mama akasema, "Mtoto wangu ametazamwa kwa jicho baya. Alivyokuwa anapita mitaani na mbio zake, mlidhani wote waliomtazama walikuwa wanampenda?" Shemeji yako akaweka kikombe chini. "Mama, mimi ni fundi bomba. Kuna bomba nalifunga linakaa mpaka mwenye nyumba anazeeka. Na kuna lingine, duka lilelile, rafu ileile, linapasuka wiki ya kwanza. Hakuna aliyelitazama. Ni bomba tu."

Nikamwuliza, "Na likipasuka tena, mahali pengine?"

"Hapo namwuliza mwenye nyumba amefanya nini na maji."

Mama akamwambia asimfananishe mwanawe na bomba, na chai ya pili hakupewa.

Basi wewe mwenye mwili unasemaje?

Dada yako


27 Januari

Dada,

Nakusalimu kwa heshima na kwa uchovu. Mwambie mama apunguze kusimama. Mbusu mwanangu kwenye yale mashavu, mng'ate kidogo kwa niaba yangu.

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mboga. Simu zetu bado zimefungiwa kabatini kwa kocha mpaka mchujo upite. Anasema simu zinachosha miguu. Sijui zinapitia wapi mpaka zifike miguuni, lakini ndiye kocha.

Mguu uko safi. Nakimbia na wenzangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Maisha ni yaleyale uliyozoea kuyasikia. Asubuhi tunapanga mstari nje ya ofisi, mizani iko mlangoni. Unavua viatu, unapanda, kocha anasoma kwa sauti, msaidizi wake anaandika ukutani kwa chaki, wote wanaona. Aliyeongezeka tangu jana, mkate wake anapewa aliyepungua. Hakuna anayenung'unika, maana kesho mkate unaweza kuwa wako. Halafu kocha anauliza, "Nani anaumwa?" Tangu nifike hapa hajawahi kujibiwa. Anasema, "Vizuri," tunaondoka.

Umeuliza mimi nasemaje. Nakupa hesabu yangu. Mwenzangu wa chumba tunamwita Trekta. Tunakula sahani moja, tunakimbia njia moja, hata soksi tunaazimana. Hajawahi kuvunjika hata ukucha. Mimi nimevunjika muundi, nikavunjika unyayo, nikarudia muundi wa pili. Kama ni mazoezi, mbona yeye mzima? Kama ni chakula, mbona yeye mzima? Kilichobaki ni mimi. Wengine wameumbwa kwa chuma, mwenzako nimeumbwa kwa kilichobaki mezani.

Hapa jina langu ni Bibi Plasta. Juzi Trekta amechukua chaki ya msaidizi akanifuata nayo: "Bibi Plasta, safari hii unavunja wapi? Onyesha, tukuchoree mapema, daktari asihangaike." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini mtu akiitwa hivyo muda mrefu, siku moja anaitika bila kufikiri.

Mtangazaji mwambieni mwezi wa nne asogeze kiti karibu.

Mdogo wako


11 Februari

Mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za yule uliyeagiza ang'atwe. Nimemng'ata, naye akanirudishia. Ana meno mawili na anajua kazi yake.

Nimefurahi kusikia mguu uko safi. Lakini kuna kitu kimenikaa rohoni, nisikilize mpaka mwisho kabla hujakunja uso.

Nilimpeleka mwanao kliniki. Walipomweka kwenye mizani nesi akaisoma mara mbili. Hajaongezeka tangu mwezi uliopita. Nikadhani atauliza habari za mtoto, akaniuliza mimi. "Wewe unakula?"

"Nakula."

"Jana umekula nini?"

Nikaanza kufikiri. Nikakuta jana nimekula ukoko wa sufuria na nusu kiazi alichoacha mama, tena nimesimama, huku naukanyaga mguu wa cherehani. Nesi akasema, "Wewe unajiona unavumilia. Mwili wako hauvumilii, unachukua. Ukikosa huku unachukua kule, kwenye damu, kwenye mifupa, na haukuombi ruhusa." Akauliza kama nimeanza tena kuona siku zangu, akaandika, akaniambia niende nikale kwanza ndipo nije kumweleza habari za mtoto.

Nilitoka pale nimenuna. Unajua nilivyo nikiambiwa ukweli na mtu mwenye mikono safi. Lakini njiani nikaukumbuka ule ukuta wenu wa chaki. Mwanao akipanda kwenye mizani chumba kizima kinaomba aongezeke. Nyie huko mtu akipungua anapewa mkate wa mwenzake. Nimegeuza hilo kichwani kila upande kama kitambaa, sioni upande wake wa nje.

Sasa nakuuliza jambo ambalo mimi naweza kukuuliza, maana ndiye niliyekufundisha kufua kitambaa chako cha kwanza. Wewe siku zako unaziona? Mara ya mwisho ilikuwa lini?

Nijibu hilo. Mengine yasubiri.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Wewe! Barua inapita mikononi mwa dereva wa mboga, nawe unaandika mambo hayo kama unaagiza nyanya! Anyway, hajaifungua, nimekagua gundi. Natumaini mtoto ameongezeka. Kula basi, usije ukaniulia mtoto kwa kola za watu.

Nakujibu. Sijaziona tangu hujamzaa huyo mtoto. Tangu hata mimba hujaibeba. Na usishtuke, huku ndivyo inavyotakiwa. Kocha anaita kukauka. Msichana akishakauka anamwambia, "Sasa umekuwa mwanariadha." Wanaoendelea kuziona wanaficha vitambaa vyao kama wezi, maana wakijulikana wanaambiwa bado wana maji mwilini. Siku mimi nilipokauka Trekta alinipigia makofi chumbani. Yeye alikuwa amenitangulia. Kwa hiyo ulichokuwa unakiogopa, huku ni cheti.

Na kasi ninayo, Dada. Wiki iliyopita kocha alisimamisha saa, akaitazama, akaitikisa, akaiweka sikioni. Alidhani mbovu. Nilikuwa mimi.

Kitu kidogo tu, nakuambia wewe kwa sababu ulikataa barua za kujaza karatasi. Mbele ya nyonga, kwa ndani, karibu na kinena, mguu wa kushoto, pana maumivu. Sio kama yale ya zamani, yale niliyajua mara moja. Haya yanakuja na kuondoka. Nikianza kukimbia yanasema, nikipata moto yananyamaza. Nikiruka kwa mguu mmoja yanachoma, kwa hiyo siruki. Nani anaruka kwa mguu mmoja, mimi ni mtoto?

Daktari wa kambi anakuja mara mojamoja. Sijamwambia, na kabla ya mchujo sina haja.

Mdogo wako


8 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mtoto ameongezeka kidogo, na mimi sasa nakula nimekaa. Mama amechukua kazi ya kunisimamia, anahesabu vijiko vyangu kwa sauti, hata wateja wa nguo wanasikia.

Nilirudi kwa nesi. Sikutaja mbio wala redio, nikasema tu nina mdogo wangu wa kike, anafanya kazi ngumu, anakula kidogo, haoni siku zake, na amevunjika mara tatu bila kuanguka. Akaweka kalamu chini. Akasema msichana akikauka kwa njaa, mifupa nayo inakauka. Kwa nje inabaki na umbo lake, ndani inaliwa. Akasema huko sio kukomaa. Mwili umeona chakula hakitoshi, umeanza kufunga vyumba.

Nikamwuliza swali lako. Nikamwambia yupo mwenzake anayekula sahani hiyohiyo na ni mzima kabisa. Sikutaka anijibu kwa kunifurahisha, nilitaka kujua. Akasema wapo wanaostahimili zaidi, na hajui kwa nini. Akasema, "Bahati ipo, mama. Lakini katika hali hiyo bahati inachagua nani avunjike kwanza. Wengine wanasubiri zamu."

Basi hesabu yako niliisahihisha njiani nikiwa nimembeba mwanao mgongoni. Mimi kitambaa kikichanika, kikachanika tena pembeni, silaumu kitambaa siku hiyo. Natazama kwanza kilivutwa vipi. Wewe hukuumbwa kwa makombo. Nilikuwepo ulipozaliwa, ulikuwa na mifupa kama ya watu.

Halafu nikamwambia kuhusu nyonga. Hapo alisimama kabisa. Akanionyesha kwa kidole kwenye paja lake mwenyewe, pale juu mfupa unapopinda kuingia nyongani. Akasema mwili wote umekaa pale. Pakiwa na ufa na mtu akaendelea kukimbia, panaweza kukatika moja kwa moja, na hiyo haina plasta. Ni kupasuliwa na kutiwa vyuma, na wengine hawatembei sawa tena, sembuse kukimbia.

Mwambie daktari. Akija tu, usisubiri akuulize. Ruka mbele yake kwa huo mguu mmoja. Sikuombi.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Natumaini nyote hamjambo, na vijiko vinahesabika.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimeipeleka hadi chooni, ndiko peke yake Trekta haniulizi nasoma nini. Sasa nisome na mimi.

Mara tatu nimelala kwenye kochi lako, mguu juu ya mto, nikisikiliza wenzangu wakitangazwa redioni. Uliniogesha ukiwa na mimba. Ulijua nilivyokuwa, ulinisikia nikilia na maji ukayafungua zaidi ili shemeji asisikie. Sirudi kwenye lile kochi. Mchujo upo Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne. Nikipita, nipo timu ya taifa, na hakuna atakayeniita biskuti tena. Nisipokimbia, kocha ameshasema hawezi kuendelea kulea mgonjwa. Hakuna mwaka mwingine kwangu hapa.

Nikimwambia daktari atanisimamisha, iwe kuna ufa au hakuna. Ndiyo kazi yao. Maumivu haya yanaweza kuwa msuli tu. Wewe na nesi wako mmeyaona wapi?

Na kitu kingine, nakiandika haraka kabla sijakifuta. Wewe unadhani umenipa habari njema, kwamba mifupa yangu ilikuwa mizuri. Maana yake nini, Dada? Maana yake miaka yote hii nilijivunja mwenyewe, kila asubuhi, kwa kufurahia mkate wa mwenzangu. Maana yake nilipigiwa makofi kwa ugonjwa. Hapana. Niache niwe na mifupa ya biskuti. Niache niwe na mkosi anaousema mama, nimetazamwa na mtaa mzima. Mwenye mkosi anahurumiwa.

Baada ya mchujo nitakula unavyotaka. Nitakaa mezani kwako, mama anihesabie na mimi. Wiki chache tu. Niachie hizo.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mtoto ana mafua, yatapita.

Nimelia, nimemaliza, sasa naandika.

Nimekusikia, hata lile uliloliandika haraka. Hakuna aliyekulaumu, na atakayejaribu atapita kwangu kwanza. Ulifanya ulichofundishwa na watu wazima uliowaamini. Lakini siwezi kukuachia hizo wiki. Ningekuachia nguo, ningekuachia nyumba. Mguu sikuachii.

Ongea na daktari. Usipoongea wewe, nitakuja kuongea mimi, kabla ya mchujo, mchana, kwa mlango wa mbele. Nakuambia mapema usije ukasema nilikuzunguka.

Dada yako


24 Machi

Ukija sina dada.


7 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeambiwa bado upo wodini na umewakataza wasiniruhusu kuingia. Nesi wa mlangoni ameniahidi kukuwekea barua hii mezani. Mwanao hajambo, mama hajambo ila haongei, na nyumba ikikosa sauti ya mama unajua inavyokuwa.

Nakuandikia mambo ya siku ile jinsi nilivyoyaona mimi, kwa sababu wewe muda wote ulikuwa unatazama ukuta.

Nilikuja na lori la mboga, mtoto mgongoni. Kocha alinikuta kwenye geti akadhani nauza kitu. Nilipomweleza mimi ni nani, alinikaribisha vizuri, tusimsingizie. Alinipa kiti. Akaniambia, "Mama, mimi mwenyewe nilikimbia hivihivi, na nimewalea wengi hivihivi. Nenda ukutani usome majina ya walioshinda."

Nikamwuliza, "Na waliovunjika wameandikwa wapi?"

Akanitazama kama vile nimeuliza jua lina bei gani. "Wale hawakuwa na mwili wa mbio."

Hapo nikaelewa, mdogo wangu. Kwake hakuna anayeweza kuvunjwa na ile mizani. Aliyebaki mzima amethibitisha mizani ni nzuri, na aliyevunjika amethibitisha alikuwa mbovu. Nikamwomba daktari.

Ulipoingia chumbani ulikuwa umevaa ile jezi ya bluu. Daktari, yule kijana wa miwani, akakuuliza kwa upole tu, "Huyu ni dada yako?"

Ukasema, "Simjui."

Mwanao akakunyooshea mikono. Alikujua. Aliruka mgongoni kwangu kama samaki, nikamshika mguu, naye anakuita kwa lugha yake ile. Daktari akamwangalia mtoto, akakuangalia wewe. Akakwambia uruke kwa mguu wa kulia. Ukaruka vizuri. Akasema, "Wa kushoto."

Ulitabasamu kwanza. Nilitamani nipige kelele usiruke, baada ya safari yote ile ya kuja kukurusha. Ukaruka. Ulitoa sauti ndogo kama ya mtu aliyechomwa na pini hadharani, ukashika ukingo wa meza, na ukabaki umesimama vilevile na lile tabasamu, jasho linakutoka. Daktari akasema, "Basi, kaa." Hukukaa. Tulikukalisha.

Kocha alinifuata nje wakati wanakupakia kwenye gari la kwenda kupigwa eksirei. "Umeniulia mwanariadha wangu, mama."

Nikamwambia, "Nimekuwahi." Nikamkaza mtoto mgongoni, nikapanda gari.

Umeiona picha mwenyewe. Ufa mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilimwuliza daktari mbele yako, kama angekimbia ingekuwaje? Nilitaka aape, usikie. Alikataa kuapa. Akasema, "Pengine ungekatika kabla hajamaliza. Pengine angemaliza. Siwezi kujua, na yeyote anayejua anadanganya." Nikaona unafunga macho. Najua ulichokishika pale. Utakishika maisha yako yote: pengine angemaliza. Mimi sina kitu cha kuweka mbele ya hilo neno. Nimekuzuia jambo ambalo hatutajua kama lingetokea, na jambo zuri nililokuzuia nalo hatutajua.

Sikuombi msamaha. Nikiomba nitakuwa nakudanganya, maana ukinirudisha kesho kwenye lile geti nitaingia tena. Nakuomba ule tu. Na usiukanyage huo mguu mpaka waseme.

Chumba chako tumekihamisha mbele, kwenye mwanga. Kochi nimelitoa nje, nimemwambia shemeji yako alipeleke popote.

Dada yako


18 Mei

Mdogo wangu,

Sijui pa kukusalimia. Barua yangu ya mwezi uliopita nilirudishiwa na nesi wa mlangoni, haijafunguliwa. Aliniambia uliondoka mapema, peke yako, na magongo yao. Hii nampa dereva wa mboga, labda Trekta anajua ulipo.

Mchujo ulitangazwa. Trekta amepita. Nilifurahi na nikaogopa kwa wakati mmoja, nikatamani na yeye awe na dada. Ulipofika wakati wa kutaja wasiokuwepo, yule mtangazaji akasema, "Si niliwaambia? Biskuti." Mwenzake akasema jamani, binti ana bahati mbaya kuliko watu wote. Wakaweka muziki. Yaani wamebishana tangu Januari na hakuna hata mmoja aliyeuliza unakula nini.

Mama bado anasema ulitazamwa. Nimeacha kumbishia. Anaweka sahani yako kila siku, na jioni anampa shemeji chakula chako kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyekufukuza. Maskini ananenepa kwa huzuni ya watu.

Mimi nashona. Mtoto ananing'inia kwenye sketi. Usiku huwa simpigii mtu hesabu ya lawama, nimechoka mno. Nataka tu mtu aniambie unatembeaje.

Andika mstari mmoja. Andika tusi, nitalisoma.

Dada yako


30 Juni

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mama yako mdogo. Najua husomi, na bila shaka kona moja ya karatasi hii umeshaila. Atakusomea mama yako. Kwa kuwa barua si yake, asinijibu.

Bibi yako hajambo? Mwambie aweke miguu juu. Baba yako mwambie nimesikia kuhusu unene, Trekta alinipa ile barua.

Mwambie mama yako magongo nimeyarudisha. Walisema nikae nayo zaidi, lakini walisema mengi. Mwambie nimepata kambi nyingine, mbali na ile. Kocha wa huku ni mpole, hana mizani. Kambi pia haina daktari. Siku ya kwanza kocha aliniuliza, "Umewahi kuumia?" Nikamwambia sijawahi. Akanitazama nikikimbia, akasema, "Inaonekana. Una mwili wa mbio." Mwanangu, sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia hivyo. Nilienda nyuma ya ukuta nikakaa kidogo.

Mwambie nakula, najua ndilo atakalouliza. Nakula kuliko zamani. Sio sana, lakini kuliko zamani.

Mwambie Jumapili kuna mashindano. Sio makubwa, ni ya kocha kunitazama nilivyo. Nitakimbia.

Anwani sikuandika, na sikusahau. Amwache dereva wa mboga apumzike, huku hafiki.

Mwambie simchukii. Hapana, wewe usimwambie, mwambie bibi yako amwambie. Akiuliza nimesema kwa sauti gani, mseme hamkusikia vizuri.

Na hili moja libaki kati yetu sisi wawili, mama yako asilijue. Nikipanda ngazi, nyonga bado inauma.

Mama yako mdogo